Brashi ya ndani ya rimu: ibinye ncha kabla hujatoa hela

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji kuhusu brashi za rimu yanafanana mno. Mtu ana rimu za aloi, uso wa mbele unang'aa, lakini ukichungulia katikati ya spoku unakuta ukuta wa ndani mweusi tii. Ananunua brashi ndefu, anaiingiza, anasugua kwa bidii. Rimu ikikauka na jua kupiga, mikwaruzo imezunguka ukuta mzima. Analaumu sabuni, wakati sabuni haihusiki kabisa.

Tatizo liko kwenye ncha. Brashi nyingi za kazi hii ni nyaya mbili za chuma zilizosokotwa pamoja, nyuzi zikabanwa katikati yake. Mwisho wa waya huo hufunikwa kwa kofia ndogo ya plastiki au mpira. Wanunuzi hupapasa nyuzi, hupima urefu, hujaribu mpini, lakini ile kofia hakuna anayeibinya. Nayo ndiyo inayotangulia kila unaposukuma mkono ndani: inagonga kalipa (kile kifaa cha breki kinachobana diski), inagonga ukuta, inalowa sabuni na dawa. Gundi ikilegea inachomoka, tena ndani ya povu usipoona, na kuanzia hapo unasugua rangi ya rimu kwa ncha ya chuma iliyokatwa.

Hata kofia ikidumu, uti wa waya bado upo. Kati ya kalipa na rimu nafasi ni finyu, nyuzi hulala zote, na waya hugusa rangi kwa ubavu. Nyuzi zikichakaa ndiyo mbaya zaidi. Na mikwaruzo ya ndani si suala la urembo tu. Vumbi la breki ni chembe za diski na pedi, nyingi zikiwa za chuma, zinazoruka zikiwa na moto. Zikinasa kwenye mikwaruzo zinashika kutu humohumo, na kila safari ya kuosha inakuwa ngumu kuliko iliyopita. Angalia magurudumu ya mbele, ambako breki hufanya sehemu kubwa ya kazi, utanielewa.

Kwa hiyo urefu wa mpini na rangi ya nyuzi sitavigusa. Napanga brashi kwa ncha na uti.

Nafasi ya kwanza nazipa brashi za Wheel Woolies, na sifichi upendeleo wangu. Hazina chuma popote, si kwenye ncha wala kwenye uti, na manyoya yake ni ya polipropilini, plastiki isiyonyonya maji na inayostahimili dawa za kusafishia rimu. Ukigonga, umegonga kwa plastiki na manyoya. Ziko za saizi tatu, na manyoya yake mengi hujaza nafasi yote, kwa hiyo unasukuma na kuvuta tu bila kukandamiza. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuikunja ikabaki imepinda, na ile nene haipiti kila mahali.

Ya pili ni EZ Detail Brush. Nyuzi zake za nailoni ni laini, inapinda vizuri kufuata umbo la rimu, na wasafishaji wengi wa magari huiapia. Ila uti wake ni waya. Anayeichagua aikague ncha kila mara kabla ya kuilowesha, na aivute taratibu, maana nyuzi zikitoka nje ya spoku hurusha maji machafu usoni na kwenye nguo.

Brashi bapa zenye kitambaa cha maikrofaiba naziweka nafasi ya tatu. Zinapita nyuma ya spoku ambako brashi nene inagoma, lakini kitambaa hushika mchanga na hakiuachii kirahisi. Kisiposuuzwa vizuri, kinageuka msasa.

Zile za bei poa zisizo na jina: waya mtupu, kofia ya kubahatisha. Zitumie kwenye tairi.

Wauzaji ndio wanaonikera hasa. Tazama picha za matangazo: brashi inaonyeshwa kwa ubavu, kwa mpini, mkononi mwa mtu anayetabasamu. Ncha haipo. Maelezo yanasema "haikwaruzi", lakini hayasemi ndani kuna nini. Kisha wanakurundikia seti kubwa ya vibrashi na vitambaa ambavyo hukuviomba ili bei ionekane ya haki, wakati brashi moja uliyoifuata ndiyo iliyobaniwa gharama. Na kofia ikipotea, ya akiba haiuzwi. Unaambiwa ununue brashi nyingine nzima. Kipande kidogo hivyo cha mpira! Muulize muuzaji swali moja: uti ni wa nini? Akibabaika, irudishe rafuni.

Ukishainunua, usiilazimishe kufanya kazi ya dawa. Chuma kilichonasa huondolewa na dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma, ile inayogeuka zambarau na kunuka vibaya. Ipulize rimu ikiwa imepoa, isikaukie hapo, halafu brashi ipite kwa wepesi na maji yafuate. Dawa zenye asidi kali zikae mbali na alumini isiyopakwa rangi. Na kabla ya kusugua, papasa ukuta wa ndani kutafuta vile vipande vya balansi, vya kusawazisha gurudumu, vilivyobandikwa kwa gundi. Ukikiondoa kimoja, usukani unaweza kutetemeka ukishika kasi.

Kwa wanaoniuliza waanze na ipi kama hela inatosha brashi moja tu: Wheel Woolies ya saizi ya kati. Wenye kalipa kubwa waanze na ile nyembamba.