Kozi ya Jioni ya Usalama wa Mtandao: Maabara Bora, Viti Vichache

Kwa mihula mitatu nimekuwa mwanafunzi wa kozi ya jioni ya usalama wa mtandao katika chuo kikuu kimoja chenye kampasi katikati ya jiji la Nairobi, nikisoma baada ya kazi kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku. Kazi yangu ni kutunza kompyuta na mtandao wa Sacco ndogo, na nilijisajili baada ya karani wetu wa malipo kupokea barua pepe iliyofanana kabisa na za mwenyekiti, ikimtaka atume fedha kwa akaunti mpya kabla ya saa sita mchana. Karani yule alipiga simu kwanza kuuliza, na fedha za wanachama zikasalimika. Mimi nilijua kuunganisha rauta na kubadilisha diski, lakini aliponiuliza barua ile ilitokaje na nini kingezuia nyingine isije, sikuwa na jibu.

Nimeliacha jina la chuo kwa sababu walimu wake wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache, na kwa sababu maswali nitakayoyaibua yanafaa kuulizwa popote pale msomaji atakapopeleka karo yake. Haya ni maoni ya mtu aliyelipa shilingi 42,000 kwa kila muhula, ambaye angelipa tena bila kusita kwa kozi aliyoikuta alipoingia, lakini angefikiri mara mbili kabla ya kulipia ile aliyoiacha alipomaliza.

Kilichonifanya niipende kozi hii ni maabara ya Jumanne na Alhamisi. Kulikuwa na kompyuta 24 zilizounganishwa kwa swichi yao wenyewe ya mtandao, bila kugusana na mtandao wa chuo wala intaneti, na ndani ya kila moja mlikuwa na mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi: ya kwanza yenye Kali Linux, mfumo uliosheheni zana za kupima usalama, kwa ajili ya kushambulia, na ya pili ikiwa seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, iliyoachiwa udhaifu kwa makusudi. Katika wiki ya tatu mhadhiri alituagiza tuingie kwenye tovuti ya majaribio iliyotumia HTTP, njia ya mawasiliano isiyoficha kinachotumwa, huku Wireshark, programu ya kuchungulia mtandao, ikinasa kila pakiti ya data iliyopita. Kila mtu aliliona nenosiri lake mwenyewe kwenye skrini ya jirani yake, likisomeka herufi kwa herufi. Tukarudia zoezi hilohilo kwa HTTPS, njia ileile iliyoongezewa usimbaji, yaani kugeuza maneno kuwa fumbo, na safari hii maneno yalivurugika yasisomeke, ingawa anwani ya seva tuliyoitembelea bado ilionekana wazi. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba usimbaji hulinda mawasiliano. Jioni ile ndipo nilipofahamu unaficha nini na unaacha nini nje.

Kabla ya kuruhusiwa kugusa kibodi, kila mmoja wetu alijaza karatasi ya idhini: mfumo ni wa nani, nani ametoa ruhusa ya kuujaribu, kazi inaanza na kuisha saa ngapi, na likitokea jambo lisilotarajiwa apigiwe nani simu. Mwanzoni wengi waliiona kuwa kazi ya kupoteza wakati. Kisha tulisomewa kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kinachomtoza anayeingia katika mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kijana mmoja aliyezoea kutusimulia jinsi alivyokuwa akitumia intaneti ya jirani bila ruhusa aliacha masimulizi hayo tangu siku hiyo. Naamini hakuna njia bora ya kufundisha sheria hii kuliko kuiweka kwenye karatasi ambayo mwanafunzi lazima aitie sahihi yake kila wiki.

Mifano ya matukio nayo ilichaguliwa vizuri. Tulipochambua WannaCry, programu iliyofunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia, swali halikuwa programu ile hasidi ilienea vipi; swali lilikuwa kwa nini Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, mwezi Machi 2017, na bado tarehe 12 Mei mwaka huohuo hospitali za Uingereza zikajikuta zikiahirisha matibabu ya wagonjwa. Majibu ya darasa yalituelekeza kwenye mambo yasiyo na mvuto wowote: mashine za zamani zilizofungamana na vifaa vya tiba, mafundi wanaoogopa kuzima mfumo unaofanya kazi, na ofisi zisizojua zina kompyuta ngapi. Siku iliyofuata nilihesabu zetu. Daftari la Sacco lilikuwa na kompyuta 19, na mezani nilizikuta 27. Tulisoma pia wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016, ambapo dola milioni 81 zilihamishwa kwa ujumbe bandia uliopitia SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo, na shambulio la Julai 2023 lililokwamisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali hapa kwetu. Katika hili la mwisho kila kundi liliandika namna ofisi ya umma itakavyoendelea kuwahudumia wananchi waliopanga foleni wakati mfumo hauitikii, na hilo lilikuwa zoezi la manufaa kuliko mhadhara wowote niliousikia.

Mahali ambapo mtaala unapwaya ni kwenye fedha za simu. Somo la malipo limejaa kadi za benki, utadhani tunaishi katika nchi ambayo M-Pesa haikuanza mwaka 2007. Ulaghai wa kubadilisha laini ya simu, ambao mtu wa Nairobi hukutana nao au husikia jirani amekutana nao, ulipewa saa moja na nusu tu. Mlaghai hukusanya namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, hujifanya mwenye laini aliyepoteza simu, na laini ikishahamia kwake, kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi humfikia yeye. Hapo kuna masomo ya muhula mzima: utambuzi wa mteja, wajibu wa wakala, udhaifu wa kutegemea ujumbe mfupi, na namna ya kuzungumza na mzee aliyeshawishiwa kwa upole ataje namba yake ya siri. Chuo kilichoko Nairobi kingeweza kulifundisha somo hili vizuri kuliko chuo chochote cha ng'ambo, na inaniuma kuona limeachwa pembeni.

Sasa nije kwenye upanuzi, ambao ndio ulionifanya niandike. Tulipoanza tulikuwa wanafunzi 22, kila mmoja na kompyuta yake, jioni mbili kwa wiki. Habari zikaenea, chuo kikafungua milango, na kufikia muhula wa tatu tulikuwa makundi matatu yenye zaidi ya watu 70. Kompyuta zilikuwa zilezile, nne zikiwa zimeharibika. Jioni za maabara zilibaki mbili, hivyo kila mwanafunzi akapata moja kwa wiki, tena wakikaa wawili au watatu kwenye mashine moja, ambapo mwenye haraka huandika amri na wenzake hutazama. Mmoja wa walimu wawili wa maabara aliondoka katikati ya muhula akaenda kuajiriwa na benki, na wiki tano zikapita kabla ya kupatikana wa kushika nafasi yake. Wanawake wawili niliosoma nao, wote wakiishi Kitengela, mji ulio nje ya Nairobi, walilazimika kutoka kabla ya zoezi kwisha ili wawahi matatu, na kwa kuwa hakukuwa tena na jioni ya pili ya kufidia, walilipia maabara wasiyoipata.

Sipingi kozi kukua. Nchi inawahitaji watu hawa, na Sacco kama yetu haiwezi kumwajiri mtaalamu anayegombaniwa na benki kubwa. Ninachokipinga ni kuhesabu ukuaji kwa idadi ya waliosajiliwa, wakati ujuzi wenyewe hupatikana kwa saa ambazo mtu amekaa peke yake mbele ya mashine, akikosea na kurudia. Programu za kujifunzia, Kali na Wireshark zikiwemo, ni za bure. Gharama iko kwenye kumbukumbu za kompyuta (RAM, zinazohitajika kuendesha mashine pepe), umeme na walimu, na kati ya hizo tatu walimu ndio wagumu zaidi kupatikana na kubaki nao. Wahitimu wa kozi hii wako mjini humuhumu, na wengi wangekubali kusaidia maabara Jumamosi kwa posho ya kawaida. Mashine pepe zingeweza kuwekwa kwenye seva moja ya chuo ili mwanafunzi afanye mazoezi akiwa nyumbani, na wale wenzetu wa Kitengela wasingechagua kati ya somo na usalama wao barabarani.

Lipo pia jambo linalohusu chuo chenyewe. Tovuti ambamo tulisajili masomo na kuangalia matokeo ilimpa kila mwanafunzi mpya nenosiri lililokuwa namba yake ya usajili, na haikumlazimisha kulibadilisha. Namba hizo hubandikwa ubaoni kila kipindi cha mitihani. Tuliandika barua kupitia kwa mhadhiri wetu, tukieleza tatizo bila kujaribu akaunti ya mtu yeyote, na marekebisho yalikuja baada ya mihula miwili. Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani vina vyumba ambamo wanafunzi, chini ya usimamizi, hufuatilia dalili za mashambulizi kwenye mtandao wa chuo chao na kulipwa kwa kazi hiyo. Hapa kwetu kazi ipo, wanafunzi wapo, na kasoro za kuanzia tulikwisha kuzionyesha.

Kuhusu mtihani nitasema kidogo: alama 70 kati ya 100 hutolewa kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na nimewaona wenzangu wenye mikono mizuri maabarani wakipitwa na waliokariri maana za istilahi. Ofisi ya karo huchelewa kuthibitisha malipo, kwa hiyo ujumbe wa malipo usifutwe kwenye simu.

Mradi wa mwisho ulirudisha karo yangu yote. Niliandika mpango wa kukabiliana na tukio kwa ajili ya Sacco yetu, nikiongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 baada ya kugundulika kwamba taarifa za watu zimefikiwa na asiyehusika, ikiwa kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika. Msimamizi wangu alinirudishia rasimu mara tatu. Aliniuliza: tukio likigunduliwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, nani ana funguo za ofisi Jumamosi, na nani ana mamlaka ya kutia sahihi kabla ya Jumatatu jioni? Mwenyekiti wetu aliusoma mpango huo wote na kuupitisha. Karani sasa ana kanuni iliyoandikwa, kwamba ombi lolote la kubadilisha akaunti ya malipo huthibitishwa kwa kupiga namba iliyoko kwenye daftari letu, si ile iliyoandikwa ndani ya barua pepe.

Baada ya kuhitimu, baadhi yetu tulimwandikia mkuu wa idara tukijitolea kusimamia maabara za Jumamosi, na akatuomba orodha ya majina. Tumempelekea watu 11, nami nikiwa mmoja wao. Ratiba bado haijatoka ninapoandika haya, kwa hiyo anayetaka kujiunga na kundi lijalo na aiombe ratiba hiyo dirishani, aulize ni wanafunzi wangapi watakaa kwenye kila kompyuta, na ajibiwe kabla ya kulipa.