Nyusi ya kupandikizwa: uzoefu wangu, msusi wa Mtwara

Nyusi naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana kwa sababu ya ncha ya nje, nitaifikia. Panja sikufanyiwa. Aliyekataa ni daktari mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Mimi ni msusi, saluni yangu iko Magomeni, Mtwara mjini. Nyusi yangu ya kushoto iliondoka na ajali ya bodaboda njia ya Mikindani. Nilishonwa, kidonda kikafunga vizuri, ila kuanzia katikati kwenda nje hapakuota tena kitu. Nikawa mtu wa wanja. Wanja na joto la huku havielewani: ikifika saa sita mchana, feni imezimika kwa sababu umeme umekatika, mteja anakutazama kwenye kioo anakwambia, "Dada, nyusi imehama." Panja nazo zilikuwa zimerudi nyuma kwa miaka ya mistari na rasta za kubana, tatizo ambalo nusu ya wateja wangu wanalo na wanalifunika kwa wigi au ushungi.

Fedha nilidunduliza msimu wa korosho, ambao ndio msimu wa saluni pia. Wanaojua huku wanaelewa: malipo ya mnada yakiingia, kila mtu anataka kichwa kipya.

Wa kwanza kunihudumia alikuwa dalali wa mtandaoni, anauza safari za kwenda kupandikizwa nywele Istanbul, Uturuki. Alitaka picha tu, mbele, pembeni na kisogoni. Nikamtumia, na hata chai yangu haijapoa, majibu yakarudi: mizizi 3,000 ya nywele, ya kutolewa kisogoni na kupandwa palipopungua, hoteli, gari la uwanja wa ndege, bei ya punguzo mwisho Ijumaa. Hakuuliza nyusi ilikatikaje. Hakuuliza panja zilianza lini kutoka, wala kama kichwa kinawasha. Ukikumbuka kimoja tu katika haya yote, kumbuka hicho: anayekupa idadi ya mizizi kabla hajajua kwa nini nywele zimetoka ni muuzaji, hata akivaa koti jeupe.

Maana nywele hutoka kwa sababu nyingi, na nyingine hazitibiwi kwa kupandikiza. Upara wa wanaume wa kurithi, ule unaokula utosi na paji ukaacha nywele za kisogo, unafaa, kwa kuwa nywele za kisogo zina ukaidi wake na zinauhifadhi hata zikihamishwa. Kovu la ajali au la moto linaweza kufaa. Panja za kusuka zinafaa iwapo zimetulia muda mrefu na kusuka kwa kubana kumeachwa. Lakini yale mabaka ya mviringo yanayotokea ghafla, kinga ya mwili inaposhambulia nywele zake yenyewe, hayo yanaweza kuzitoa hata hizo ulizopandikiza. Halafu kuna hili ninaloliona saluni kila mwezi: mama amekaa kitini, utosi unang'aa, ngozi laini, huoni hata vitundu vya nywele, na anakwambia panawaka moto akipaka mafuta. Huo ni ugonjwa unaoharibu mzizi na kuacha kovu, nao huanzia utosini ukipanuka kwenda nje. Ukipandikiza wakati bado unawaka, umezipeleka nywele nzuri kwenye moto huohuo. Mama huyo anahitaji daktari wa ngozi, tena mapema.

Kwa nyusi nitasema bila kuzunguka. Zikipungua kuanzia ncha za nje, pande zote mbili, na hujaanguka wala huzinyoi, usitafute mpandikizaji kwanza. Inaweza kuwa tezi ya shingo (thairoidi) haifanyi kazi sawasawa, na damu itapimwa. Inaweza pia kuwa ukoma. Najua hatupendi kulitaja jina hilo, lakini Lindi na Mtwara ukoma haujaisha, na kukatika kwa nyusi ni mojawapo ya dalili zake, pamoja na baka la ngozi lisilosikia ukiligusa. Dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali na mtu anapona. Nimeshampeleka mteja mmoja hospitali kwa mashaka hayo. Ikawa tezi, akaanzishiwa vidonge, nyusi zikaanza kurudi bila sindano ya mtu. Hospitali ya mkoa watakuelekeza kwa mtaalamu wa ngozi. Wengi wao wamepitia kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kule Moshi, na ngozi zetu wanazijua.

Mimi nilikwenda kliniki moja ya Dar es Salaam, jina nalihifadhi kwa kuwa nina malalamiko pia. Daktari alianza na masikio. Alibana ndewe zangu kwa vidole viwili, akapapasa tundu za hereni mbele na nyuma, kisha akaomba aone kifua na mabega. Alikuwa anatafuta keloidi, yale makovu yanayoendelea kuota kupita kidonda chenyewe, ambayo sisi watu weusi tunayapata zaidi. Aliposikia ndewe ni laini akalipitia kovu la nyusi kwa kidole, polepole, akaniuliza lina umri gani. Dada yangu mimi ana keloidi ya hereni ukubwa wa harage, kwa hiyo nilimwambia. Hakunifukuza, ila alisema tuanze kidogo, mizizi michache tu, tusubiri tuone ngozi itafanya nini. Safari ya Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, basi la alfajiri, na hakuna anayependa kuambiwa arudi. Lakini ilikuwa haki yake kuniambia.

Panja alizitazama kwa lenzi yenye taa. Akasema bado kuna vinywele vyembamba vinavyohangaika kuota, na nisipoacha kubana hata atakazopanda zitafuata zilizotangulia. Nilegeze, nipumzishe miezi kadhaa, halafu tuzungumze. Nimelegeza. Upande mmoja umejaza kiasi cha kunishangaza mimi mwenyewe niliye kwenye kazi hii, na hilo halikunigharimu zaidi ya kubadili mtindo.

Kuna jambo la kipilipili ambalo matangazo hayalisemi, kwa sababu matangazo mengi yana vichwa vya Wazungu na Waarabu. Nywele zetu hazijikunji juu tu, mzizi wenyewe umepinda chini ya ngozi. Kifaa cha kutolea mzizi ni kibomba kidogo cha chuma chenye ncha kali, upana wake haufiki hata milimita moja na nusu, na kinaingia kikiwa kimenyooka. Fundi asiyezoea anakata mzizi katikati, na uliokatwa hauna uhakika wa kuota. Kwa hiyo usiulize "mmefanya wangapi", uliza "mmefanya wangapi wenye nywele za aina yangu, nionyesheni picha zao baada ya mwaka mzima". Picha za mwezi wa kwanza hazina maana yoyote. Daktari wangu alitoa michache ya majaribio, akaiweka chini ya hadubini, akanionyesha ule mkunjo, ndipo akaendelea.

Uliza na hili: nani atashika kifaa? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele, ISHRS, kimekuwa kikionya kwa miaka kwamba katika nchi mbalimbali kuna kliniki ambazo daktari anachora mstari tu, kazi ikafanywa na watu wasio na leseni. Istanbul kuna madaktari hodari sana, sisemi uongo, na ndege ni moja kwa moja kutoka Dar. Ila mume wa mteja wangu alirudi na mbele pamejaa na kisogo kina mapengo, kwa sababu walichota kupita kiasi. Mizizi ya kisogo haizaliani. Ukitolewa umetolewa, na akitaka marekebisho sasa hana pa kuchotea.

Siku yenyewe. Wananyoa kiraka kidogo kisogoni, nywele za juu zinakifunika. Ganzi ndiyo inayouma, hasa ya kwenye nyusi, macho yanatiririka machozi yenyewe bila kulia. Baada ya hapo unasikia kuguswa tu, na sauti, ambayo ni ileile ya mashine ya kusugulia kucha niliyonayo saluni, nikajikuta karibu nisinzie. Mizizi inawekwa kwenye kisahani chenye maji ya chumvi baridi, msaidizi anaipanga kumi kumi na kuhesabu kwa sauti. Kwa nyusi wanataka yenye unywele mmoja tu. Yenye nywele mbili au tatu, ambayo kichwani ndiyo mizuri, kwenye nyusi inaota kwa kishungi na kila mtu atajua. Nyusi nzima huchukua kati ya mizizi 200 na 400 hivi. Yangu ilikuwa nusu, ikachukua pungufu.

Kabla ya kuchoma alinichora, akanipa kioo. Hapo usione aibu. Nilimfutisha mara mbili, maana alinipa tao la mtu wa kwenye runinga na nyusi yangu ya kulia ni ya kulala. Kazi kubwa ni mwelekeo: karibu na pua nywele zinatazama juu, zikienda nje zinalala, na kila tundu lazima lichomwe karibu sambamba na ngozi. Zikisimama wima zitakusumbua maisha yako yote.

Nililala kwa shangazi Mbagala. Siku zilizofuata uvimbe ulishuka kutoka kwenye paji hadi kope, jicho likawa nusu. Shangazi alinitazama akauliza, "Mwanangu, ulikwenda kutengenezwa au kupigwa?" Ni kawaida, unaisha ndani ya wiki. Unalala kichwa juu ya mito, husugui, hufuti jasho kwa kitambaa, huinami. Kuhusu kuinama niliuliza mapema kwa sababu ya sajda. Nikaswali nimekaa kitini. Na kwa wanaouliza kama yenyewe inaruhusiwa, muulize sheikh wako. Wangu aliniambia kurudisha kilichoondoka kwa ajali si sawa na kunyofoa nyusi kwa urembo. Vigaga vinadondoka vyenyewe kati ya siku 7 na 10, ukivibandua unang'oa na mzizi. Jua la Mtwara ni la kukwepa miezi ya mwanzo, kofia pana au ushungi uushushe.

Halafu nywele zilizopandwa zinadondoka. Zote, au karibu zote, kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Ngozi inarudi tupu na wewe unajiona umeibiwa. Mzizi umebaki chini umepumzika. Nywele mpya huanza kuchungulia mwezi wa tatu au wa nne, na hukumu ya mwisho ni baada ya mwaka. Hapa ndipo lalamiko langu kwa kliniki. Waliniambia haya kwa kasi mlangoni, na nilipopiga simu kuuliza nikapokewa na mtu wa mauzo anayenieleza ofa ya ndevu. Dai karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili kabla hujalipa, pamoja na namba ya muuguzi.

Na sasa zimeota, kuna maisha mapya. Nywele za nyusi za asili hukua muda mfupi zikakoma. Hizi hazijui kwamba zimehamishwa, zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi kana kwamba bado ziko kisogoni. Nazikata kila wiki kwa mkasi mdogo, kwa kuchana juu kwanza. Zangu zinajikunja, kwa hiyo asubuhi napitisha brashi ya meno iliyosuguliwa kwenye sabuni ya kipande, nazilaza. Anayekwambia utaamka na nyusi tayari hajapandikizwa.

Ncha ya nje ni ile sehemu kovu lilipokuwa nene. Damu haifiki vizuri kwenye kovu, na mizizi kadhaa haikushika. Daktari alikuwa amelisema hilo, nikatia saini. Inaonekana tu kwa karibu, kwenye mwanga wa dirisha.

Bei kila mmoja anaipiga kivyake, wengine kwa mzizi, wengine kwa kikao. Niliyolipa ilikuwa kwa mzizi, na nikaomba hesabu iandikwe kwenye risiti. Dawa, vipimo vya damu na marudio vilikuwa nje ya bei, hakuna aliyenitajia hadi nilipofika dirishani. Weka na nauli, chakula, na siku ambazo saluni imefungwa. Ile michupa ya minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, inayouzwa Kariakoo kwa wanaotaka ndevu isikuchanganye: inasaidia baadhi ya watu, ukiiacha faida inaondoka, na mjamzito haitumii.

Kwa ile ncha, daktari amesema inaweza kuongezwa mizizi michache baada ya mwaka kutimia, akiona kovu limelainika. Nasubiri korosho. Kwa sasa napaka wanja kidogo sana pale mwisho, na mteja wa kuniambia nyusi imehama sijampata tena.