"Kwani Nani Anaangalia Midomo?" Uzoefu Wangu na Kijana wa Kuediti, Moshi

Naanza na hiyo sentensi kwa sababu mpaka leo ikinijia nikiwa naosha vyombo naweza kuvunja sahani. "Mama, kwani nani anaangalia midomo?" Aliisema bila hata kugeuka, macho kwenye kompyuta, soda mkononi, mguu mmoja umechomolewa kwenye kandambili na kuwekwa juu ya kiti cha wateja. Kiti ambacho nilitakiwa nikalie mimi.

Duka liko Moshi mjini. Silitaji. Ni yale maduka ya picha za paspoti, kadi za harusi na kuediti video, yote chumba kimoja.

Kisa chenyewe: mama mkwe wangu alikuwa anatimiza miaka 80, sherehe tukaipanga baada ya Pasaka. Na Uchagani mnatujua, Desemba watu wote wanapanda nyumbani, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinajaa magari ya Dar na Mwanza, ndiyo nafasi pekee ya mwaka kuwapata watoto, wakwe na wajukuu wote mahali pamoja. Tukasema tumtungie bibi wimbo, tuurekodi, halafu tushuti video hapo hapo nyumbani kwa simu. Sauti ilirekodiwa kwa prodyuza mmoja mjini siku chache kabla ya Krismasi, na huyo sina neno naye. Video ndiyo pleibeki: wimbo unapigwa kwenye spika, watu wanachezesha midomo, kila mmoja anajifanya anaimba kwa uchungu. Sote tumekulia kwenye video za kwaya, mpiga kinanda amesimama katikati ya shamba la mahindi, kinanda hakina hata waya, na bado anafumba macho kwa hisia. Tulijiona ufundi tunao tayari.

Tuliamka saa kumi na mbili kwa ajili ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ukichelewa mpaka saa nne hivi wingu limeshamfunika, na binti yangu alikuwa ameapa kwamba kiitikio hakipigwi bila mlima nyuma. Shemeji mkubwa alivaa suti juu na kandambili chini, akisema miguu haitaonekana. (Inaonekana.) Mwanzoni wote waliogopa, wakawa wanafungua midomo kama samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ikabidi niwafokee waimbe kwa sauti kabisa, kwa nguvu, maana mtu asipotoa sauti shingo yake inakaa kimya na inaonekana anadanganya. Hapo mambo yakaanza kuwa matamu.

Kosa letu la maana lilikuwa moja. Spika tuliiweka barazani pamoja na simu, waimbaji wakasimama chini kwenye migomba, mita kama 20. Binti akaangalia klipu ya kwanza akasema, "Mama, midomo inachelewa." Nikamwambia aache uchovu. Kumbe yeye ndiye mwenye macho. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyo pembeni ya spika inausikia wimbo papo hapo, na mtu wa migombani anausikia sehemu sita za mia za sekunde baadaye, yaani milisekunde kama 60, na ndipo anafungua mdomo. Ni kitu kidogo sana, lakini jicho halidanganyiki. ITU, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kwenye mapendekezo yake ya televisheni linasema sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu mtazamaji anaweza kuanza kugundua, lakini ikichelewa hagundui mpaka ifike kama 125. Mimi naona ni kwa sababu tangu tuzaliwe tunauona mwako wa radi kabla ya ngurumo. Sauti inayochelewa tumeizoea. Inayotangulia inatisha kidogo, kama mtu anayejibu kabla hujamuuliza. Tukahamishia spika migombani, miguuni pa waimbaji, tukarudia.

Klipu kumi na moja. Na mwanzo wa kila klipu binti alisimama mbele ya simu akapiga kofi moja, pa! Alisema ndivyo wanavyofanya: kofi linaonekana na linasikika, anayeediti analitumia kukutanisha ile sauti ya simu na wimbo safi wa studio, kisha ya simu anaizima. Mtoto wa kidato cha tatu analijua hilo. Likumbukeni hilo kofi.

Baada ya mwaka mpya kila mtu akarudi kwake. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikahamishia klipu zote kwenye flashi, nikafuta. Ndiyo, nilifuta. Hapa naumia kusema, lakini nilifuta mwenyewe kwa kidole changu, na mume wangu hajaacha kunikumbusha.

Flashi nikaipeleka kwa yule kijana. Bei shilingi 80,000, nikatoa 50,000, nyingine nimalizie kazi ikiisha. Alikuwa mpole siku hiyo, "shikamoo mama, karibu mama". Wiki ikapita, ya pili ikapita, umeme haupo, umeme upo lakini kompyuta inafanyiwa usafi, mara kaenda msibani. Sawa. Misiba ipo.

Siku ya kuangalia kazi nikakaa, siyo kwenye kiti, nilikalia ndoo ya rangi. Akabonyeza. Na niseme haki yake: rangi! Migomba ilikuwa kijani mpaka unasikia harufu ya mvua, kitenge cha bibi kinawaka, Kibo kama kimeoshwa na sabuni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsifu. Ubeti wa kwanza unaenda vizuri. Ubeti wa pili shemeji anafunga mdomo wakati sauti yake inaendelea. Kufika mwisho wa wimbo, mawifi wanaimba "amina" wakiwa wamefumba midomo kabisa, halafu kimya, halafu midomo inafunguka bila sauti. Kama maiti wanaosalimia.

Nikamwambia kwa upole, nawaapia kwa upole, "Baba, hapa midomo haiendi na sauti." Ndipo akaitoa ile sentensi yake.

Ngoja niwaambie nani anaangalia midomo. Kila mtu, na hasa sisi tunaoimba Kiswahili. Herufi kama s, k, t, g unaweza kuzificha, zinatengenezwa ndani ya kinywa. Lakini B, M na P haziwezekani bila kufunga midomo miwili ikakutana. Sasa niambieni wimbo wa familia wa Kiswahili usiojaa B, M na P. Bibi. Baba. Mama. Mungu. Upendo. Amina. Kiitikio chetu ni "Bibi yetu mpendwa, Mungu akubariki", hebu usemeni polepole mbele ya kioo mhesabu mara ngapi midomo inakutana. Mtu hana pa kujificha! Ukikosea kwenye "Bibi" ya kwanza, hata mtoto wa chekechea anajua.

Nikamwambia basi rudi kwenye sauti ya simu, tafuta makofi, panga upya. Akanijibu kwamba sauti ya simu aliiondoa. Kwamba ilikuwa makelele, kuku na watu, na "si mnayo ya studio mama?" Na makofi je? Aliyakata, yalikuwa "yanaboa". Nikamuuliza klipu zangu halisi ziko wapi. Zimo kwenye flashi. Nikafungua nyumbani: alizipitisha kwenye programu ya kupunguza uzito wa mafaili, akazirudisha juu ya zile zile za mwanzo. Bubu zote kumi na moja. Waimbaji wako Dar, Mwanza, mmoja kasharudi Lubumbashi.

Nilirudi kesho yake nikapiga kelele mpaka waliokuja kupiga paspoti wakatoka. Sijivunii. Hapana, najivunia kidogo. Alichosema ni "mama usipaniki", na 30,000 zake akataka. Sikutoa.

Kwa hiyo nyota ngapi? Wakati ule ningempa sifuri na kumtoza.

Kilichofuata ni usiku kama tisa hivi, mimi na binti, laptopu ya kuazima na miwani yangu ya kusomea. Kwanza tukaelewa kwa nini midomo inaanza vizuri halafu inateleza. Simu nyingi hazishiki fremu 30, yaani picha 30, kila sekunde sawasawa kama zilivyoandikiwa, kwenye giza zinapunguza ili zipate mwanga, na sisi nusu ya video ilikuwa chini ya migomba na nyingine jikoni kwenye moshi. Programu ya kupunguza uzito ikijifanya fremu zote zina nafasi sawa, hitilafu inajikusanya kidogo kidogo, na kufika ubeti wa pili umeshaachwa na basi. Kusogeza klipu nzima hakusaidii, ukirekebisha mwanzo unaharibu mwisho.

Tukazikata vipande vya sekunde tatu, nne. Kila kipande tunatafuta fremu ambayo midomo inakutana, tunaipeleka pale B au M inaposikika, tunabana. Binti anasema "hapo", mimi nasema "rudi moja", anasema "mama hapo hapo", tunagombana, tunacheza tena. Mume wangu akilala upande wa pili wa ukuta alikuwa anasikia "Bi-bi-bi-bi" mpaka saa saba usiku. Penye kushindikana kabisa, shemeji alipokuwa amesahau maneno na anatafuna tu hewa, tukaweka ng'ombe. Au mlima. Ile video ina ng'ombe wengi kuliko tulivyopanga, na bibi ng'ombe ndio aliowapenda.

Ilikaa. Siyo kama ingekuwa na makofi, lakini ilikaa. Kwa wa mbali tuliituma WhatsApp kama dokumenti, maana ukituma kama video ya kawaida inakandamizwa, nami sikuwa tayari kuona picha inaharibiwa tena.

Halafu nikafanya ujinga. Nikaiweka kwenye flashi nikampelekea yule kijana. Siyo kwa mazungumzo, nilitaka tu aone. Akaichomeka, akaangalia yote, safari hii mguu uko chini. Wimbo ulipoisha hakusema kitu. Kisha: "Nani kafanya hii, mama?" Nikamwambia sisi. Akaangalia tena kiitikio, akapunguza mwendo, naye akawa anaangalia midomo! Akauliza tulipanga kwa herufi gani. Nikamweleza habari ya B na M kama mwalimu. Aliandika nyuma ya bahasha ya paspoti. Nikatoka pale nimelainika, nikamwachia 10,000 ya rangi, kwa sababu rangi kweli aliiweza, tunapojaribu wenyewe migomba inakuwa ya bluu. Nyota mbili, nikasema moyoni. Labda tatu.

Wiki kama mbili zilizopita napita mjini natoka Mbuyuni na kapu la nyanya, nasikia "Bibi yetu mpendwa". Mlangoni kwake kuna televisheni inaangalia barabarani. Ni sisi. Alinakili flashi ikiwa kwenye mashine yake. Video ile ile tuliyoitesekea usiku tisa, na chini kwa herufi za njano namba yake ya simu na maneno "TUNAEDITI VIDEO ZA KISASA".

Nilitaka kuingia. Nilikuwa na maneno yote tayari. Ila kiitikio kilikuwa kinaanza, nikasema ngoja kipite kwanza, nione "Bibi" ya shemeji, ile tuliyoirudia mara thelathini. Ikafika. Midomo ikakutana pale pale. Kina mama wawili walisimama pembeni yangu, mmoja akamwambia mwenzake, "hawa wanaimba kweli."

Nilisimama pale juani mpaka wimbo ukaanza upya, na bodaboda akaniuliza kama naenda au siendi.