Kikaushio changu cha matunda baada ya misimu miwili ya maembe

Nina miembe miwili nyuma ya nyumba, na yote huivisha ndani ya wiki tatu zilezile. Tunakula, tunagawa, friza inajaa, na bado kila asubuhi nakuta mengine yamedondoka na kupasuka, nzi wameshatangulia. Miaka mingi nilianika vipande juani kwenye wavu. Jua lilikuwepo la kutosha, kilichonishinda ni unyevu wa hewa. Mchana vinaanza kukauka, usiku vinanyonya unyevu upya, siku ya tatu vinanuka uchachu. Ndipo nikanunua kikaushio cha umeme: trei sita za kupandana, feni na kipasha joto viko chini, na kitufe cha kuzungusha kuanzia nyuzijoto 35 hadi 70.

Kinafanya kazi, na sitakirudisha. Ila chupa tatu za mwanzo nilizimwaga zote, na hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla hujawasha cha kwako.

Kijitabu cha maelekezo kilisema nyuzi 70 kwa matunda yote. Nikafuata. Muda wa saa sita tu vipande vilikuwa vikavu, ukivigonga mezani vinalia. Nikajaza chupa za kioo, nikakaza mifuniko, nikaziweka kabatini. Wiki ya pili nilipofungua ya kwanza, harufu ya pombe ilinipiga usoni, na juu ya vipande kulikuwa na ukungu mweupe kama manyoya ya kifaranga. Nikachukua kipande kimoja nikakichana kwa vidole: nje ganda gumu, katikati bado kunameremeta maji. Joto likiwa kali tangu mwanzo, uso wa tunda hukauka upesi na kujifunga, maji ya ndani yakakosa njia ya kutokea. Nililia moyoni, maana yalikuwa maembe ya mchumo wa kwanza, yale matamu kuliko yote.

Sasa natumia nyuzi 57, na sina haraka. Vipande vya milimita 6 huchukua muda wa saa 10 hadi 12, pengine zaidi siku za mvua. Niliweka pia kipimajoto cha oveni juu ya trei ya katikati nikagundua kwamba kitufe hakisemi kweli: nikikiweka 57, ndani kunasoma 63. Kwa hiyo nakirudisha nyuma kidogo. Kitu kidogo hicho kimeniokolea matunda mengi.

Lalamiko langu kubwa ni feni kuwa chini. Trei ya chini inakauka wakati ya juu bado inanata, hivyo kila baada ya saa mbili lazima nizibadilishe nafasi. Ukianza jioni, hulali. Ningenunua leo ningetafuta chenye feni nyuma, inayopuliza hewa kwa ubavu ili ipite kwenye trei zote kwa pamoja. Kelele zake ni za feni ya kawaida, mlango ukifungwa huzisikii.

Usitegemee mavuno makubwa pia. Embe bichi au bivu, zaidi ya asilimia 80 yake ni maji, kwa hiyo kilo moja ya nyama iliyomenywa hunipa gramu 200 na kidogo. Mwaka wa kwanza nilidhani naibiwa!

Mashine haiwezi kuponya tunda baya. Nayaangua kwa upembo wenye mfuko yakiwa yamekomaa, nayaacha yaivie ndani, na yale ya chini ya mti siyakaushi kabisa, kwa sababu nzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda na funza huwa wameshaanza kazi kabla hujaona kitundu. Hayo nayafukia kwenye shimo refu, la sivyo yanazalisha nzi wa msimu unaofuata. Vipande navichovya kwenye maji yenye ndimu kabla ya kuvipanga, rangi inabaki ya dhahabu.

Na vikitoka kwenye mashine, kazi haijaisha. Viache vipoe kabisa, kisha jaza chupa hadi theluthi mbili tu, funga, na uitikise kila siku kwa siku 7 hadi 10. Unyevu uliobaki husambaa, vilivyokauka sana vikavisaidia vilivyobaki na maji. Kioo kikitoa jasho kwa ndani, rudisha vyote kwenye kikaushio siku hiyohiyo. Tangu nianze utaratibu huu sijaona ukungu tena. Mwisho navilaza kwenye friza kwa saa 48, nyuzi 18 chini ya sifuri, ili kuua mayai ya wadudu, halafu ndipo naviweka kabatini gizani.

Ndizi zimenitokea vizuri sana humo. Papai sikulipenda, linakuwa jembamba kama karatasi na utamu wake unapotea.

Trei moja imepasuka ukingoni nilipoiosha kwa maji ya moto, na muuzaji hakuwa na ya kubadilisha, kwa hiyo natumia tano. Kabla hujalipa, uliza kama trei zinauzwa mojamoja.