Sufuria ipi ununue kwa wali wa nazi, pilau na mchuzi

Wali wa nazi ukiungua katikati na huku pembeni punje bado zina kiini, usikimbilie kulaumu moto. Itazame sufuria chini. Joto la jiko linatakiwa lisambae kwanza kabla ya kupanda kwenye chakula, na usambaaji huo hutegemea mambo mawili: metali yenyewe na unene wake.

Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila digrii, shaba hupitisha joto karibu 400, alumini zaidi ya 200, chuma cha kusubu kama 50, stenlesi 16 tu, na udongo wa chungu karibu 1. Metali zinazopitisha umeme vizuri ndizo hizohizo zinazopitisha joto vizuri, kwa kuwa elektroni zilezile hubeba vyote viwili. Wanafizikia Wiedemann na Franz waliuonyesha uhusiano huo mwaka 1853. Shaba hatuiweki kwenye orodha: ni ghali, na ndani lazima ipakwe bati.

1. Alumini nene. Hii ndiyo sufuria ya kwanza kwa nyumba ya Mombasa, bila shaka yoyote. Tafuta yenye unene wa milimita 3 chini. Alumini ya unene huo husambaza joto kwenda pembeni zaidi ya mara 35 ya stenlesi ya milimita 1. Bonyeza katikati kwa dole gumba. Ikibonyea, iache hapohapo dukani. Iweke juu ya kaunta ya kioo uone kama inayumba. Kilo moja ya mchele inataka lita 5 au 6. Kama wali wako unaupalia, chukua mfuniko wa alumini ulio bapa, makaa yakae vizuri. Mfuniko wa kioo au wenye kishikio cha plastiki haupaliwi.

Ubaya wake ni ukwaju, ndimu na nyanya: asidi huila alumini, kwa hiyo mchuzi mkali usilale humo. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huitoboa. Huanza vidoa vyeupe kama unga, halafu siku moja sufuria inavuja. Epuka pia zile zilizosubiwa kwa vyuma chakavu, kwani huweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, na kwa macho huwezi kuijua.

2. Stenlesi yenye tabaka la alumini chini. Itazame ubavuni: chini utaona sahani nene iliyobandikwa, milimita 5 hivi. Alumini husambaza joto, stenlesi hukutana na chakula. Kwa mchuzi wa nyanya au ukwaju, hii hushinda ya kwanza. Sahani ikianza kuachia kwenye ukingo, maji huingia na joto halipiti tena sawasawa.

3. Chungu. Huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na kwa mchuzi wa samaki wa kuchemka polepole hakina mpinzani. Kipya kiloweke usiku kucha, kisha kichemshie maji kwa moto mdogo. Kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi; upande mmoja hunywea kabla ya mwingine, kikapasuka.

4. Stenlesi nyembamba. Inang'aa, na ndiyo inayowadanganya wengi. Kwa chai inafaa, kwa kuwa maji huzunguka yenyewe na kusawazisha joto. Wali hauzunguki.

Ukitaka kuhakikisha, nyunyiza unga wa ngano mkavu, tabaka jembamba, kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo wa gesi. Kwenye stenlesi nyembamba utaona duara la kahawia lenye umbo la tundu za jiko, katikati na pembeni pakiwa bado peupe. Ukoko wako utakuwa na ramani hiyohiyo. Kwenye alumini nene unga hugeuka rangi karibu wote kwa pamoja. Epua mara unapoanza kunukia.

Chapati ni habari nyingine: hizo zinataka chuma kizito, kwa sababu kinahifadhi joto na hakipoi unapotupia donge jipya.

Mwenye jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, aende dukani na sumaku. Alumini hupitisha umeme vizuri mno, hivyo mkondo unaozalishwa ndani yake hauipashi joto la kutosha. Sumaku ikishika chini, nunua. Ikidondoka, jiko halitaitambua.