Kipimo cha OCT-A cha mishipa ya jicho bila sindano: uzoefu wangu baada ya kukaa kwenye mashine mara mbili

Siku niliyoambiwa kwamba vishipa vya jicho langu la kushoto vimeanza kuziba, asubuhi yake nilikuwa nimetunga uzi mweusi kwenye sindano mwenyewe, kwa miwani yangu ileile ya kusomea. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Tanga mjini, na huu ni mwaka wa 14 naishi na kisukari. Kwenye ubao wa herufi jicho la kulia lilisoma 6/6, yaani kawaida, na la kushoto 6/9, pungufu kidogo tu. Kwa macho yangu mimi, sikuwa mgonjwa wa macho.

Naandika kwa sababu kabla sijapima nilitafuta mtu aliyewahi kukaa mbele ya mashine hii ya OCT-A, inayochora mishipa ya jicho kwa mwanga, anieleze kwa Kiswahili, nikakosa.

Kwanza niseme nilikotoka. Miaka mitatu nyuma, katika hospitali nyingine, nilipigwa picha ya mishipa kwa dawa ya rangi, fluoresini. Unachomwa sindano ya mshipa mkononi, dawa inakwenda na damu, na ndani ya sekunde kumi na kitu imeshafika jichoni, huku kamera ya mwanga wa buluu inakupiga picha moja baada ya nyingine. Mimi nilitapika kabla hawajamaliza jicho la pili. Kisha vipele vya kuwasha vikanitoka shingoni na kifuani, nikalazwa naangaliwa saa nzima. Ngozi ilikuwa manjano mpaka jioni, na mkojo rangi ya Fanta mpaka kesho yake. Kutapika na vipele wengi hawapati, baadhi huishia kichefuchefu kidogo kinachopita, na dawa hiyo inatumika tangu wanafunzi wawili wa udaktari wa Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis, walipoitangaza mwaka 1961. Alvis mwenyewe alikubali kudungwa. Namheshimu kwa hilo. Lakini mimi niliapa sirudi, na kwa kuogopa sindano ile nikakaa miaka miwili bila kupima macho kabisa. Hilo ndilo kosa ninaloliumia mpaka leo.

Daktari bingwa niliyemwona Dar es Salaam aliposikia habari ya vipele alisema, "Mama, hiyo dawa tusikurudishie. Tuna mashine inayoona damu ikitembea bila kukudunga." Nilimuuliza kama ni kitu cha majaribio, akacheka kwa upole akasema OCT yenyewe, kipimo cha kuona tabaka za ndani ya jicho kwa mwanga, ina zaidi ya miaka 30. Mwanangu alinisomea baadaye: ilianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1991, kwa kina David Huang, James Fujimoto na Eric Swanson. Hii ya kuonyesha mishipa, OCT-A, ilipata nguvu mwaka 2012, kundi la huyohuyo Huang huko Portland, Oregon, lilipotoa njia ya kikompyuta ya kuitenganisha damu inayotembea na nyama iliyotulia. Mwaka 2023 wale watatu wakapewa Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba. Nikatulia.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Mashine inatuma mwanga ndani ya jicho na kusoma unaorudi, kama mtu anayepiga ukuta kwa vidole kusikia wapi pana uwazi. Inapima mahali palepale mara kadhaa kwa haraka sana. Nyama ya jicho haijasogea, kwa hiyo picha ya kwanza na ya pili zinafanana. Chembe za damu zimesogea, kwa hiyo pale picha zinatofautiana. Kompyuta inachora ile tofauti tu, na unachokiona ni ramani ya mishipa yenye damu inayopita. Mshipa ambao damu imesimama hauchorwi. Pale pake panabaki peusi.

Chumba ni cha giza kidogo. Kijana wa vipimo alinipa shikamoo, akaniketisha, kidevu kwenye kiegemeo chake, paji la uso limegusa mkanda. Ndani unaona alama ndogo ya mwanga, unaambiwa uikazie macho. Hakuna kinachokugusa jicho, hakuna hewa inayopulizwa, hakuna maumivu. Kila picha ni sekunde chache, na macho yote mawili na marudio yake nilimaliza kama dakika kumi na tano.

Ugumu ni kutulia. Ukipepesa au jicho likicheza, picha inatoka na mistari myeupe au myeusi iliyokatiza kama kitambaa kilichovutwa uzi. Mara ya kwanza macho yangu yalikuwa makavu kwa vumbi na upepo wa dirisha la basi, na picha ya kushoto ilipata alama 4 kati ya 10 za ubora. Kijana alitaka kuipeleka hivyohivyo kwa daktari, foleni ilikuwa ndefu. Nikamwomba, "Mwanangu, nimetoka Tanga, tafadhali rudia." Akaniwekea matone ya machozi ya dukani, akaniambia nifumbe macho dakika moja, akarudia. Ikapanda hadi 8. Ningenyamaza ningerudi nyumbani na picha isiyosomeka, tena nimeilipia. Kwa hiyo wewe ukikaa pale uliza alama ya ubora, ni haki yako, na pepesa vizuri kabla hawajabonyeza. Wenye mtoto wa jicho picha zao huwa hafifu hata wakitulia, hilo si kosa lao.

Daktari alipogeuza kioo nikaona mwenyewe, kwanza moyo ulinipiga. Jicho la kulia lilikuwa kama kimia kilichofumwa vizuri, vishipa vyembamba vimeshikana pande zote, na katikati pana duara dogo jeusi. Nikadhani ndilo tundu la ugonjwa. Kumbe hapana, pale katikati, kwenye kituo cha kuonea, kila binadamu hana vishipa, ni uwazi wa kama nusu milimita, ndivyo tulivyoumbwa. Ugonjwa ulikuwa kushoto. Duara lile lilikuwa limepanuka na ukingo wake umemomonyoka upande mmoja, na juu yake kidogo kulikuwa na viraka vyeusi viwili ambako kimia kimekatika. Mimi maisha yangu yote nimeshika vitambaa. Najua nguo ambayo nyuzi zake zimeanza kukatika ndani kabla haijachanika nje. Hakuna mtu aliyehitaji kunieleza zaidi.

Kwa miaka mingi nimeambiwa kisukari kinaharibu macho, na nimekuwa nikiitikia "ndiyo daktari" huku nikinywa chai ya sukari nyumbani. Ile picha ndiyo iliyonifikia. Niliuliza kama vile viraka vitafunguka nikishika masharti. Daktari hakunidanganya. Alisema kishipa kidogo kilichokufa kwa kawaida hakirudi, kazi yetu ni kuvilinda vilivyobaki. Nililia pale kitini, akaniacha nilie, hakunikimbiza. Namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa kipimo.

Sasa mapungufu, na yapo ya kweli. Mashine hii haionyeshi mshipa unaovuja. Dawa ya rangi huonyesha kuvuja waziwazi, hii haionyeshi. Ndiyo maana daktari alitazama pia OCT ya kawaida, ile ya kukata jicho kama mkate uliokatwa slesi, kuona kama katikati pamevimba maji. Hapakuwa na maji, kwa hiyo sikuhitaji sindano ya Avastin, dawa ya kupunguza uvujaji, ndani ya jicho wala leza kwa wakati ule. Tena picha yangu ilikuwa ya milimita 6 kwa 6 tu, na retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, ni pana kuliko hapo. Pembeni alipaangalia kwa matone ya kupanua mboni, lenzi na taa yake ya kichwani. Kama kuna kituo kinakuambia OCT-A peke yake inatosha na hakuna haja ya kupanua mboni, uliza tena.

La pili ni gharama. Nilidhani nikikaa mara moja kwenye mashine moja nitalipa mara moja. Risiti ilikuja na vipimo viwili, OCT na OCT-A, na bima yangu ililipa cha kwanza tu. Hiyo sehemu ya pili ilinigharimu karibu nusu ya kodi ya mwezi ya fremu yangu. Nisingekataa hata ningejua, lakini nilistahili kuambiwa kabla. Piga simu uulize vyote viwili kwa majina yake.

La tatu limeniudhi zaidi. Nilikabidhiwa karatasi moja iliyochapwa kwa wino hafifu, picha yote majivu, pamoja na asilimia za msongamano wa mishipa ambazo hakuna aliyenieleza. Nilirudi mapokezi nikaomba picha zenyewe, nikazungushwa mpaka saa tisa alasiri. Mwisho yule kijana wa vipimo alizituma kwenye simu yangu. Zihifadhi zako. Na ukiweza rudi kwenye mashine ileile, maana asilimia za mashine ya kampuni moja hazilinganishwi na za kampuni nyingine. Unaweza kudhani umeharibika kumbe umebadilisha mashine.

Nilirudi baada ya miezi minne. Safari hii nilikaa siti ya kando ya njia, mbali na dirisha, na tulipopita Muheza msimu wa machungwa umepamba moto nilinunua mawili tu, si mfuko. Wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, ulikuwa umeshuka kutoka 9.4 hadi 7.6, na presha ilikuwa imetulia. Picha zikawekwa sambamba, ya zamani kushoto na mpya kulia. Viraka viwili vilikuwa vilevile viwili. Havijaongezeka. Daktari alivipima mara mbili, kisha akasema nirudi baada ya miezi sita badala ya minne.

Nikiulizwa kama naipendekeza, naipendekeza kwa nguvu zote kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, hasa aliyewahi kuumizwa na ile dawa ya rangi, ilimradi apate daktari wa kukaa naye chini amsomee picha. Bila msomaji ni karatasi ya madoa tu. Na kama huna fedha za OCT-A, usikae nyumbani ukiingoja: kupanuliwa mboni na kuangaliwa kwa taa kila mwaka kunapatikana kwa bei ndogo sana, na kungenitosha mimi kugundulika mapema.

Mdogo wangu wa Temeke, ninayefikia kwake, ana kisukari mwaka wa nane na hajawahi kuangaliwa macho. Kila nikimgusia ananijibu, "Dada, mbona naona vizuri." Safari hii sikubishana naye. Nilimwonyesha picha ya jicho langu la kushoto kwenye simu, nikamwambia siku ile ilipopigwa nilikuwa nimetunga uzi mwenyewe. Aliitazama muda mrefu. Jumanne ijayo tunakwenda wote.