Nilinunua mashine ya theluji, nikapata barafu kwanza

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo: mashine ni nzima na inafanya kazi, ila boksi lake linadanganya kwa kunyamaza. Limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba theluji itatoka joto likishuka chini ya sifuri, basi. Neno unyevu halipo juu ya boksi wala ndani ya kijitabu. Kwa kukosekana neno hilo moja nilikesha mara tatu nikiumwagilia ua wangu maji.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii zile mashine za sherehe zinazopuliza povu la sabuni, wala ule unga mweupe unaovimba ukitiwa maji, ambao ni jamaa wa kile kinachonyonya mkojo ndani ya nepi. Nilitaka theluji ya maji, ya kufinyangwa na kuyeyuka. Baridi ninakoishi ipo ya kutosha, theluji ndiyo haiji, na watoto walikuwa wameshachoka kuangalia mawingu.

Ndani ya boksi mna mashine yenyewe, mzinga wa shaba wa kurushia theluji, wenye miguu mitatu na nozeli saba, yaani midomo ya kunyunyizia. Sita zimekaa pembeni kwa duara na hutoa maji matupu, yanayosukumwa na pampu ya presha kama ile ya kuoshea magari. Ya saba iko katikati, nayo huchanganya maji kidogo na hewa ya kompresa, ile mashine ya kubana hewa. Hiyo ya katikati ndiyo yenye siri. Hewa iliyobanwa ikitoka pale hutanuka ghafla na kupoa vibaya sana, vitone vidogo vinaganda papo hapo, na kuanzia hapo vinakuwa mbegu. Vitone vikubwa vya pembeni vikikutana na mbegu hizo angani navyo vinaganda. Bila mbegu, kitone cha maji safi kinaweza kushuka digrii nyingi chini ya sifuri na kikabaki maji. Ukitaka kuhakikisha, funga hewa uache maji: theluji inageuka mvua ukiwa umesimama hapo hapo.

Pampu na kompresa unajitafutia mwenyewe, na hapa ndipo wengi tunapigwa. Pampu haikunisumbua. Yangu inatoa lita 6 kwa dakika kwa baa 110 (baa ni kipimo cha presha), inatosha kabisa. Kompresa ndiyo kesi. Tunatazama presha tu, tunaona imeandikwa baa 8, tunaridhika, kumbe kinachotakiwa ni wingi wa hewa kwa dakika. Mzinga huu unakula kama lita 120 za hewa kila dakika kwa baa 6, bila kupumzika, saa baada ya saa. Kikompresa changu cha kujazia matairi, chenye tangi la lita 24, kilijitutumua, kikajaza tangi, nilipofungua vali presha ikaporomoka kabla dakika haijaisha. Baada ya robo saa kikawa cha moto kama pasi, kikajizima. Ikabidi nitafute kikubwa. Kwa hiyo kabla hujanunua mzinga wowote, soma kibao kilichobandikwa kwenye kompresa yako, tena usome ule mstari wa lita kwa dakika.

Iko pia aina nyingine ya mzinga, ya bei nafuu, ambayo hewa na maji vinachanganyika ndani kwa ndani. Hiyo haihitaji pampu ya presha, mpira wa bustani unatosha, na ina heshima yake: mwaka 1950 Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, waliokuwa na kampuni ya kutengeneza ski, vile vibao vya kutelezea kwenye theluji, huko Connecticut, Marekani, walipata theluji yao kwa mpira wa bustani, kompresa na nozeli ya kupulizia rangi. Tatizo lake ni kwamba inakunywa hewa mara nyingi zaidi ya huu wangu. Halafu presha ya maji ikiizidi ya hewa, maji yanarudi kwenye kompresa, kwa hiyo vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma ni ya lazima.

Turudi kwenye mikesha yangu. Usiku wa kwanza kipimajoto kilisoma -1, ukungu umetanda. Nikawasha kila kitu, swichi kubwa ikajizima, kwa sababu pampu na kompresa nilikuwa nimevichomeka kwenye laini moja ya umeme. Nikatenganisha, nikawasha tena. Kilichotoka ni manyunyu yaliyoganda yalipogusa chini. Asubuhi ua ulikuwa unang'aa kama kioo, nami nilikwenda chini kwa makalio mbele ya mzee jirani aliyekuwa anatoa takataka. Hakucheka. Aliniuliza tu kama bomba limepasuka.

Usiku wa pili hali ilikuwa ile ile, na wa tatu pia. Mwanangu alisimama mlangoni na blanketi lake: "Baba, hii ni theluji au mvua?" Nikamwambia akalale.

Jambo lenyewe ni hili. Kila lita ya maji inapoganda inaachia joto la kilojuli 334, na joto hilo lazima liende mahali. Kwenye baridi ndogo kama ya kwangu, sehemu kubwa huondoka kwa kitone kuvukiza kidogo juu ya ngozi yake, kama jasho linavyotupoza. Hewa ikiwa imeshajaa unyevu, karibu hakuna kinachovukiza, na kitone kinatua kikiwa maji. Kwa hiyo usipime joto la hewa, pima joto la utambi mbichi: zungushia ncha ya kipimajoto kitambaa kilicholowa, kipepee mpaka namba itulie. Namba hiyo ndiyo kinayoishi nayo kitone angani. Kwenye -2 mzinga wa nyumbani unaanza kutoa kitu chenye majimaji, kwenye -4 unachangamka, chini ya hapo ni raha tupu.

Usiku wa nne hewa ilikuwa kwenye sifuri kamili, yaani palikuwa na joto kuliko mikesha yote iliyotangulia, na nilikaribia kutotoka nje. Lakini unyevu ulikuwa asilimia 30, midomo inapasuka. Utambi mbichi ukasoma -4. Nikafungua hewa kwanza, kisha maji, nikauelekeza mzinga juu kwa pembe ya digrii 45, upepo ukiwa mgongoni. Mlio ulibadilika, kutoka mchirizo ukawa kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia. Nikanyoosha mkono chini ya wingu nikiwa na koti jeusi. Kipimo ni hicho cha mkono wa koti: chembe zikidunda na kuanguka, theluji ni kavu, zikinata na kuacha alama ya maji, punguza maji. Zangu zilidunda. Niliwaamsha watoto, mama yao akanung'unika, wote wakatoka na malapa.

Msitegemee zile nyota zenye mikono sita. Theluji ya mashine ni punje ndogo za mviringo, nzito, zinazoshikamana vizuri. Kufinyanga zinafinyangika, na haziyeyuki haraka. Kwa lita 6 kwa dakika unatumia lita 360 kwa saa, na kwangu hiyo ilizaa kama robo tatu ya mita moja ya ujazo. Ukiitandaza kwa kina cha sentimita 10, unapata eneo la kama mita 3 kwa mita 2 na nusu. Mteremko wa watoto kuteleza ulinichukua usiku kucha, na bili ya maji ilinikumbusha.

Kuna aliyenishauri nitumie maji ya moto, kwa hoja ya Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanganyika ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya wa wenzake. Mpemba namheshimu, na makala yake na mwanafizikia Denis Osborne ya 1969 bado inabishaniwa na wanafizikia. Lakini kitone changu kina sekunde chache tu kabla ya kutua, hakina muda wa ubishi. Maji ya baridi kadiri unavyoyapata, ndiyo yanayofaa.

Malalamiko madogo: nozeli zina matundu membamba mno na chujio halikuwekwa kwenye boksi. Kipande cha kutu kilitosha kuziba mbili kati ya sita. Miguu mitatu ni mifupi. Nilipouinua mzinga mpaka mita 2 na nusu juu ya nguzo, vitone vikapata safari ndefu zaidi na theluji ikawa kavu zaidi bila kugusa kitu kingine. Na makelele ya kompresa si ya kuwafanyia majirani usiku wa manane bila kuwaomba kwanza.

Kosa kubwa zaidi lakini lilikuwa langu. Usiku wa tano nilimaliza saa 10 alfajiri, sihisi vidole, nikazima kila kitu nikaingia ndani. Maji yaliyobaki ndani ya kichwa cha pampu yaliganda na kukipasua, ufa mwembamba kama unywele, na pampu ikafa. Siku hizi nafunga maji kwanza, naiacha hewa ipulize nozeli dakika mbili, namwaga tangi la kompresa kwa sababu nalo lina maji chini, nanyanyua mipira juu ya uzio itiririke. Pampu ya pili inalala bafuni.